Namna ya Kukagua Piano Kuukuu Kabla ya Kuinunua

Piano kuukuu huuzwa kwa sura yake. Muuzaji huipaka dawa ya kung'arisha mbao, hufuta vumbi, hupiga wimbo mmoja au miwili kwa sauti za katikati, na mnunuzi aliyekuja na fedha za kanisa, za shule au za familia huondoka akiamini kwamba amepata mali. Nilishuhudia piano ya namna hiyo ikiingizwa kanisani kwetu mwezi wa pili na kutyuniwa kwa gharama kubwa, na kabla masika hayajaisha sauti zake zilikuwa zimeachana kiasi kwamba kwaya ilirudi kuimba bila ala. Mbao zake za nje hazikuwa na hata mkwaruzo. Ubovu ulikuwa ndani, mahali ambapo hakuna aliyefungua kutazama, nasi tungeuona kwa dakika kumi tu laiti tungejua pa kumulika tochi.

Maelezo haya yanahusu piano ya kusimama, ile ambayo nyuzi zake zimejengwa wima nyuma ya vibonyezo, kwa kuwa ndiyo inayopatikana zaidi katika makanisa, shule na nyumba zetu. Ukienda kuikagua, chukua tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo cha mkononi, daftari, na simu iliyowekwa programu ya kupima sauti. Mwombe muuzaji akupe muda wa saa moja na kimya cha kutosha. Asiyetaka kukuacha ufungue piano yake amekwisha kukupa jibu.

Ujue kwanza unachokitafuta

Mtambo wa piano ulibuniwa Florence, Italia, na Bartolomeo Cristofori, fundi aliyetunza vinanda vya ukoo wa Medici. Orodha ya mali ya ukoo huo ya mwaka 1700 tayari inaitaja ala yake mpya. Kabla yake, kinanda cha harpsikodi kilikwanyua nyuzi kwa vijiti vidogo, na mpigaji hata angebonyeza kwa nguvu au kwa upole, sauti ilibaki na ukubwa uleule. Cristofori aliweka nyundo mahali pa vijiti, lakini kazi ngumu haikuwa kuipata nyundo. Nyundo inayobaki imegandamana na uzi baada ya kuupiga huuzima palepale. Ilibidi aunde mtambo unaoirusha nyundo na kuiachia kabla haijaufikia uzi, ili imalizie safari yake peke yake kisha ianguke nyuma. Piano tatu za mkono wake zipo hadi leo: ya mwaka 1720 iko New York, ya 1722 iko Roma, na ya 1726 iko Leipzig. Ukiinua kifuniko cha piano yoyote leo utaona nyundo zikirushwa na kuachiwa kwa kanuni hiyohiyo.

Kilichobadilika sana ni mkazo wa nyuzi. Piano za mwanzo zilikuwa na nyuzi nyembamba, na sanduku la mbao lilitosha kuzibeba. Kadiri kumbi zilivyopanuka katika karne ya 19 na nyuzi zikafanywa nene zaidi ili sauti ifike mbali, mbao zilianza kupinda na kupasuka, hadi Alpheus Babcock wa Boston alipopata hataza mwaka 1825 ya fremu ya chuma cha kusubu iliyo kipande kimoja. Piano ya kawaida leo ina nyuzi zipatazo 230, ambazo kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya tani 18 hadi 20, usiku na mchana, hata kama hakuna anayeipiga. Ninakuomba uishike hesabu hiyo kichwani muda wote wa ukaguzi, kwa kuwa karibu kila kasoro kubwa utakayoikuta ni matokeo ya mvuto huo kuishinda mbao.

Kufungua na kutazama fremu

Inua kifuniko cha juu, kisha utafute vishikizo viwili ndani, kimoja kila upande, vinavyoshika ubao wa mbele, uvizungushe na kuutoa ubao huo. Ubao wa chini, ulio juu ya pedali, kwa kawaida hushikwa na kipande cha chuma chenye springi chini ya meza ya vibonyezo: kisukume juu na ubao utatoka. Sasa ala yote iko wazi mbele yako.

Tazama kama fremu ya chuma imepanda hadi juu kabisa, ikizizunguka pini zinazokaza nyuzi, au imeishia katikati na kuacha sehemu ya juu ikiwa ya mbao tupu. Ya pili ni piano ya ujenzi wa zamani, na katika hali ya hewa yetu singemshauri mtu yeyote ainunue kwa ajili ya kazi. Pia tazama mbele ya nyundo: ukiona safu ya nyaya nyembamba zilizosimama kama vyuma vya tundu la ndege, hiyo ni piano ambayo vizima sauti vyake, yaani vipande vinavyounyamazisha uzi unapoondoa kidole, vimewekwa juu ya nyundo. Zilitengenezwa kwa wingi Uingereza hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na nyingi zililetwa huku. Vizima sauti vya namna hiyo huugusa uzi karibu na mwisho wake, mahali ambapo havina nguvu ya kuuzima vizuri, na fundi hulazimika kupenyeza vifaa vyake kati ya nyaya hizo kila anapotyuni.

Mwishoni, mulika fremu nzima polepole ukitafuta ufa, hasa kwenye mihimili na karibu na skrubu. Chuma cha kusubu kikipasuka hakiungwi kwa urahisi. Ukiuona ufa, mshukuru mwenye mali na uondoke.

Pini ndizo zinazoamua

Kila uzi umezungushwa kwenye pini ya chuma yenye unene wa takriban milimita 7, na pini hiyo imepigiliwa kwenye ubao mgumu uliofichwa nyuma ya fremu. Haina skrubu wala nati. Kinachoizuia isirudi nyuma chini ya mvuto wa uzi, ambao ni wa kilo 70 au zaidi, ni msuguano kati ya chuma na mbao tu. Ubao huo ukisinyaa au ukipasuka kati ya tundu na tundu, pini hulegea, na piano haishiki sauti hata ityuniwe na fundi hodari namna gani.

Mnunuzi asiye na ufunguo wa kutyunia anaweza kuipima hali hiyo kwa macho na masikio. Kwa macho, tazama kama kuna pini zilizopigiliwa ndani zaidi kuliko wenzake, hata uzi ukakaribia kuigusa fremu, au zilizo nene kuliko nyingine. Hizo ni alama za fundi aliyekwisha kupambana na ulegevu. Tazama pia kama kuna karatasi ya msasa au kipande cha kadi kilichochomekwa kando ya pini, au madoa meusi yenye mafuta kuzizunguka, kwa sababu wapo waliowahi kumimina dawa ili ubao uvimbe. Pini moja au tatu za namna hiyo si msiba. Zikiwa nyingi, na hasa zikifuatana katika eneo moja, ubao umechoka.

Kwa masikio, ujue kwanza kwamba nota nyingi za piano zina nyuzi tatu zilizotyuniwa sawasawa, za besi ya juu zina mbili, na za chini kabisa zina mmoja. Piga nota za katikati moja moja na uisikilize kila moja ikiisha. Nyuzi zake zikikubaliana, sauti hunyooka kama mstari. Zisipokubaliana, husikia wimbi linalotetemeka, na zikiachana sana ni kama zeze mbili zinagombana. Piano iliyotelekezwa miaka mingi huwa imeshuka yote kwa pamoja, nota zake zikiwa bado zinaelewana kwa kiasi. Iliyolegea pini hupatana hapa na kuharibika vibaya pale, bila mpangilio. Tofauti hii ni ya maana kuliko jambo lingine lolote utakaloandika katika daftari lako.

Hapa simu hufanya kazi yake. Piga nota ya A iliyo juu ya C ya katikati na usome programu. Kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939 ni hezi 440. Ukisoma karibu 415, piano imeshuka nusu toni nzima. Pima A nyingine za juu na za chini, uandike zote. Piano iliyoshuka kwa usawa inaweza kupandishwa kwa awamu, ingawa nyuzi zenye kutu nyingi huweza kukatika katika kazi hiyo. Kwa hiyo angalia kutu mahali uzi unapojizungusha kwenye pini na unapokunjwa chini ya chuma cha kuugandamiza, kwa kuwa ndipo unapokatikia. Rangi ya kahawia iliyofifia kwenye uso wa uzi isikutishe, lakini kutu inayochambuka kwa kidole ni jambo jingine.

Mtambo na nyundo

Anza kibonyezo cha kushoto kabisa na uende hadi cha kulia kabisa bila kuruka hata kimoja, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. Piano kamili ina vibonyezo 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, lakini nyingi za zamani zina 85; kwa nyimbo za ibada na mafunzo ya kawaida hutazikosa hizo tatu za juu. Andika kila kisichotoa sauti, kinachonasa chini, kinachorudi kwa uvivu, na ambacho sauti yake haizimi unapoondoa kidole. Nota takriban 20 za juu hazina vizima sauti kabisa, na ndivyo zilivyoundwa, maana nyuzi zake fupi hujizima zenyewe upesi.

Kibonyezo kinachonasa pwani ya Mombasa au Tanga mara nyingi kimevimba tu kwa unyevu. Ni tatizo la kuudhi lakini fundi hulimaliza kwa saa chache, nami sijawahi kuona sababu ya kukataa piano nzuri kwa ajili yake. Badala yake litumie mbele ya muuzaji kama sababu ya kupunguza bei.

Sasa bonyeza kimoja polepole mno huku ukiitazama nyundo yake. Inapaswa kuukaribia uzi, kisha ikiwa imebakiza milimita chache irudi nyuma yenyewe: hapo umeuona ule uachiaji wa Cristofori kwa macho yako. Nyundo inayofika hadi kwenye uzi na kuuganda inahitaji kurekebishwa. Jaribu pia kuipiga nota moja haraka haraka. Piano ya kusimama haitakuwa nyepesi kama ile kubwa ambayo nyuzi zake zimelala, kwa kuwa mtambo wa kurudia upesi ambao Sébastien Érard aliupatia hataza mwaka 1821 ulikusudiwa piano za kulala, ambazo nyundo zake hurudi chini kwa uzito wake zenyewe. Nyundo iliyosimama hutegemea springi na vitepe vyembamba vya kitambaa. Mulika vitepe hivyo. Vikiwa vimekatika na kuning'inia, mtambo wote unangoja matengenezo, ingawa ni ya bei nafuu.

Felti ya nyundo ni sufu ya kondoo iliyoshindiliwa. Mifereji iliyochorwa na nyuzi ni ya kawaida, na fundi huiondoa kwa msasa mradi felti imebaki nene. Zile nyundo ndogo za juu zikiwa zimelika hadi mbao inakaribia kuonekana, itabidi seti nzima ibadilishwe. Felti iliyotobolewa imeliwa na nondo, na basi utazame na ile iliyo chini ya vibonyezo.

Sauti za besi zisikilize kwa makini ya peke yake. Nyuzi zake ni chuma kilichozungushiwa waya wa shaba, na uchafu na kutu vikiingia kati ya mizunguko hiyo, uzi hufa: ukiupiga husikia mlio wa debe, usio na uzito wala mwangwi. Nyuzi za besi hutengenezwa kwa vipimo vya piano husika, kwa hiyo seti mpya huagizwa na kusubiriwa.

Vibonyezo vyeupe na njia iliyoanzia Bagamoyo

Sehemu hii wengi huipita kwa haraka, nami siwezi, kwa sababu historia ya piano na ya pwani yetu zimekutana hapa. Katika karne ya 19 vibonyezo vyeupe vya piano nzuri vilifunikwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na pembe za Afrika Mashariki zilipendwa kwa kuwa ni laini na hazipasuki upesi zikikatwa. Zilibebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi, na pia na watu waliotekwa utumwani, kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa huko tangu mapema, na mwaka 1833 nchi yao ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said. Sehemu kubwa ya shehena hizo iliishia katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, ambako viwanda vilizichana pembe kuwa vipande vya vibonyezo na kuvianika kwa majuma katika nyumba ndefu za vioo ili jua livifanye vyeupe. Jina la Ivoryton lenyewe limetokana na pembe. Mtoto wa Bagamoyo anayejifunza kwa piano kuukuu ya Marekani huenda anaweka vidole juu ya kitu kilichowahi kupita mbele ya nyumba yao.

Kuitambua pembe ni rahisi. Tazama kibonyezo cheupe kwa mwanga wa pembeni: cha pembe mara nyingi kina mstari mwembamba wa kuunganishia vipande viwili, mahali ambapo sehemu pana ya mbele hukutana na ile nyembamba inayopita kati ya vibonyezo vyeusi, na uso wake una mistari hafifu ya asili. Seluloidi, plastiki ya zamani iliyotumika badala ya pembe, ni kipande kimoja na rangi yake haina mistari ya asili. Usikubali mtu aijaribu kwa sindano ya moto, maana seluloidi huwaka upesi mno. Vibonyezo vya pembe vilivyogeuka manjano vimefungiwa gizani muda mrefu. Huo ni umri, hauathiri sauti. Vifute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kwa sababu maji mengi hubandua gundi.

Kuna jambo la kisheria pia. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na piano yenye vibonyezo vya pembe haiwezi kuvushwa mpakani kama samani nyingine. Ikiwa unainunua kutoka nchi jirani au unaagiza kutoka Ulaya, uliza mamlaka za wanyamapori za nchi zote mbili kabla hujatoa hata senti.

Ubao wa sauti, mgongo na wadudu

Mwombe mwenye mali aisogeze piano kutoka ukutani. Nyuma utauona ubao mpana na mwembamba, kwa kawaida wenye unene wa takriban sentimita moja, uliotengenezwa kwa mti wa jamii ya misonobari na kushikiliwa na mbavu. Nyuzi peke yake zina sauti ndogo sana. Ubao huu ndio unaoitoa chumbani. Ufa mmoja au miwili isikuogopeshe iwapo husikii mvumo wa kukera. Ugonge kwa ngumi taratibu katika sehemu mbalimbali: ukisikia mtetemo wa vitu viwili vinavyogusana, ubavu umebanduka kutoka kwenye ubao. Kutoka mbele, tazama madaraja ya mbao ambayo nyuzi hupita juu yake, uangalie kama mbao imepasuka kufuata safu ya vijipini. Daraja la besi likipasuka, sauti hufifia hata kama nyuzi ni nzima.

Mulika sakafu ya ndani karibu na pedali. Unga wa mbao ni bungua, njia za udongo ni mchwa, na vipande vya karatasi na kinyesi ni panya. Pedali zenyewe hazina mengi: ya kulia inyanyue vizima sauti vyote, ya kushoto izisogeze nyundo karibu na nyuzi.

Hali ya hewa ya kwako, usafiri na siku za mwanzo

Uliza piano imekaa wapi kwa miaka kumi iliyopita, kisha ulinganishe na unakoipeleka. Mbao hunywa unyevu wa hewa. Ubao wa sauti huvimba wakati wa mvua, husukuma madaraja, nyuzi hukazika na sauti hupanda, hasa katika nota za katikati, na kiangazi kikija hushuka. Piano iliyozoea Mombasa ikihamishiwa Dodoma au Nairobi hukauka, na pini zilizokuwa zinashika kwa msaada wa unyevu zinaweza kulegea katika mwaka wa kwanza. Kwa safari ya namna hiyo, mlipe fundi asiye na uhusiano na muuzaji aje na ufunguo wake azijaribu pini kwa mkono. Gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kubeba kilo 200 hadi 300 za chuma na mbao zisizo na faida.

Ukishanunua, usiwaache wapagazi waisukume barabarani kwa magurudumu yake madogo, ambayo huvunjika kwa urahisi. Ibebwe na watu wanne au zaidi kwa mikanda, isafiri imesimama, imefungwa kwenye ukingo wa lori na kufunikwa mablanketi. Nyumbani au kanisani, iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha linaloingiza upepo wa bahari na mbali na jua. Kiyoyozi kinachowashwa Jumapili pekee huiumiza kuliko kutokuwepo kabisa, kwa kuwa mbao hukaushwa na kulowanishwa kila wiki. Pwani, mafundi huweka ndani, sehemu ya chini, fimbo ya umeme inayotoa joto dogo mfululizo ili kupunguza unyevu unaozizunguka nyuzi. Iwekwe na fundi, na isizimwe.

Usiityuni siku inapofika. Iache majuma mawili au matatu izoee chumba, ndipo umwite fundi. Kama ilikuwa imeshuka sana, ataipandisha kwanza kwa ujumla, kisha arudi baada ya muda mfupi kuilainisha, kwa sababu kukaza nyuzi za upande mmoja hulegeza zile zilizokwisha kukazwa. Panga ziara ya pili mara baada ya masika, na umpe fundi daftari lako la siku ya ukaguzi, ili vipimo vya zile nota za A avilinganishe na atakavyovikuta.